Fromaji ya Mama na Boksi la Vitisho

Kwetu Goma kila mtu mzima anajua kujaza boksi la vitisho. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mpe kalamu muuza makaa yeyote wa mtaa wetu wa Katoyi, atakuchorea msalaba katikati ya karatasi, apate maboksi manne, na kabla hujamaliza kumweleza atakuwa ameshaandika juu ya kila boksi: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Kwa Kifaransa ni forces, faiblesses, opportunités na menaces, kwa herufi FFOM, na sisi tunazitamka kama jina la mtu wa ukoo. Mashirika ndiyo yaliyotufundisha. Tulifundishwa tukiwa kwenye viti vya plastiki, chini ya maturubai na katika kumbi za parokia, na wakati wa mapumziko tukapewa soda na sambusa, na jioni posho ya usafiri hata kwa yule anayeishi nyumba ya pili.

Kitu ambacho hakuna mkufunzi aliyekisema wazi, lakini sote tulikielewa siku ya kwanza, ni kwamba maboksi hayo manne hayalingani. Boksi la nguvu ni la adabu. Unaandika mistari miwili ili usionekane huna shukrani. Kwenye fursa unaandika "vijana" na "ziwa". Kwenye udhaifu unaandika "ukosefu wa mtaji", basi. Lakini vitisho! Hapo ndipo vitu vinapotoka. Ukilia vizuri kwenye vitisho, baada ya muda utaona maturubai, mbegu, majembe na ndoo zenye mifuniko. Niliwahi kuona akina mama wa kundi la tatu wakisimama kulalamika kwa mkufunzi kwamba kundi la pili limewachukulia volkano, na wao wameachiwa mmomonyoko wa udongo, kitu ambacho hakimlizi mtu. Mkufunzi alisuluhisha kwa kuwapa kipindupindu.

Mimi nililijua boksi hilo kuliko wengi, kwa sababu kwa miaka sita lilikuwa ndiyo kazi yangu. Nilisomea menejimenti ya biashara, nikaajiriwa na shirika moja kuandika miradi, na mkuu wangu aligundua mapema kwamba nina kipaji. Wenzangu waliandika "barabara mbaya". Mimi niliiandika barabara hiyo kwa namna ambayo msomaji wa mbali angetamani kuvua viatu aje kuitengeneza mwenyewe. Sikudanganya. Ukiwa Goma huna haja ya kudanganya. Unachagua tu uanzie wapi. Kisha fedha za miradi zikakauka, ofisi ikafungwa, tukapewa vyeti na kupigwa picha ya pamoja, na mimi nikarudi kukaa kwa mama nikiwa na kompyuta moja, mkoba wenye nembo ya watu, na kichwa ambacho bado kilikuwa kimevimba.

Mama anauza fromaji. Ni jibini, lakini kwetu ukisema jibini watu watadhani ni jina la dada yako. Sisi ni wa upande wa Bukavu, Wakatoliki wa tangu zamani, watu wa kalamu na mihuri. Baba alikuwa karani hadi alipofariki. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukamua ng'ombe. Lakini mama alipobaki mjane aliingia kwenye biashara ya fromaji za Masisi, na sasa ana miaka kumi na tisa kwenye depo yake ya Katoyi: chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi, rafu tatu, meza, kisu kirefu, na kitambaa cha maji ya chumvi. Kila asubuhi anazigeuza fromaji zote, moja moja, anazipangusa, anazigonga kwa kidole na kusikiliza. Nikiwa mdogo nilimwonea aibu. Mama wa wenzangu waliuza vitenge. Wangu alikuwa anagonga chakula na kukisikiliza.

Fromaji zote hizo zilitoka kwa mtu mmoja. Ni mfugaji wa milima ya Masisi, muzee mrefu, Mprotestanti wa kweli, mtu ambaye hata chai kali anaitilia shaka. Ng'ombe wake wako huko juu bado, na wapwa zake ndio wanaokamua na kutengeneza. Yeye mwenyewe, kwa sababu ya umri na ya risasi zinazolia huko juu, anakaa mjini, mtaa wa Katindo, kwa binti yake. Kwa muda mrefu alikuwa akigawa fromaji zake kwenye depo mbili: ya mama, na ya kijana mmoja mwenye duka katikati ya mji, friji kubwa yenye mlango wa kioo, na bango lenye picha ya ng'ombe wa Ulaya. Mwaka huu gari likawa linashuka mara moja tu kwa wiki, tena nusu tupu. Muzee akatuma habari kwamba fromaji hazitoshi kugawa. Atachagua depo moja.

Kwa mama hiyo haikuwa habari ndogo. Hakuwa na fromaji za mtu mwingine. Wenye ng'ombe wengine wa milimani wana watu wao mjini, na hakuna anayemwacha wa kwake kwa ajili ya mjane wa Bukavu. Muzee akimwacha, rafu tatu zinabaki mbao tupu, na mama, ambaye hajui kukaa bila kazi hata siku ya Krismasi, angebaki akigeuza nini?

Hapo ndipo alipoingia mkwe wa muzee. Ni mtu mpole, mwenye miwani, aliyesomea yale yale niliyosomea mimi, na mtu akishayasoma hayo haponi. Alimshauri baba mkwe wake asichague kwa moyo. Kila depo ilete karatasi: uchambuzi wa hali ya biashara, maboksi manne pamoja na maelezo, kisha familia isome na kuamua. Kijana wa mjini akapeleka yake baada ya siku mbili. Mama akaniangalia.

"Weye si ulisoma hii bintu?" akasema.

Nilisoma! Nilikuwa naisubiri siku hiyo tangu chuo. Nilimkalisha mama kwenye kiti chake, nikafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia fromaji, na nikamwambia kwamba hatutakurupuka. Tutaanza na mazingira ya nje. Kuna mtindo mmoja wa herufi sita. Siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira ya asili, sheria. Tutapitia moja moja na kuona inaigusa vipi biashara.

"Tuanze na siasa," nikasema.

Mama alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie utani.

"Ruka," akasema.

"Uchumi."

"Benki zimefungwa. Ruka."

"Teknolojia."

"Niko na kisu."

"Mazingira ya asili."

Aliinua kidevu kuelekea upande wa volkano, bila hata kugeuka.

Nikaona nimhamishie kwenye mtindo mwingine, ule wa nguvu tano za ushindani, ambao chuoni nilipata nao alama nzuri. Nilimweleza habari ya bidhaa mbadala. Mteja akikosa fromaji, anaweza kula nini badala yake?

"Avoka," mama akasema. Akafikiri kidogo. "Ao njaa."

Nikaandika avoka, yaani parachichi. Nikamuuliza kuhusu nguvu ya wanunuzi, yaani kama wana uwezo wa kumsukuma muuzaji wapendavyo. Kabla hajajibu akaingia mwalimu mmoja mstaafu, akataka kipande cha kawaida. Mama akakikata, akakifunga, kisha akamkatia na matabishi, kile kipande cha bure cha juu ambacho bila hicho mtu wa Goma hahesabu kwamba amenunua kitu. Akamuuliza habari ya goti la mke wake. Wakaliongelea goti hilo kwa muda mrefu: lilivyovimba, lilivyopungua, nani alishauri majani gani. Mwalimu akaondoka ameridhika. Mimi nikaandika kwenye udhaifu: "matabishi hutolewa bila utaratibu". Kuhusu goti sikuona mahali pa kuliweka.

Mchana huo huo niliandika karatasi yote. Nguvu nilizimaliza upesi: depo iko karibu na barabara, bidhaa inajulikana, mfugaji anayeleta mali ni mwaminifu. Udhaifu nao haukunichosha. Kisha nikafika kwenye vitisho, na mkono ukaanza kwenda wenyewe. Kurasa mbili na nusu! Niliweka vita, niliweka volkano na gesi ya ziwa, niliweka vizuizi vya barabarani kimoja baada ya kingine kama rozari, niliweka uwanja wa ndege ulionyamaza, umeme unaokatika, kipindupindu, kodi ya huku na kodi ya kule, magonjwa ya kwato. Nilipofika kwenye neno "mjane" ilinibidi nisimame kidogo nijifute macho. Nasema kweli, nilimlilia mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa, akicheka na mteja.

"Umenitia muzuri?" aliniuliza nilipokuwa nazikunja kurasa zangu. Zilikuwa kwa Kifaransa cha ofisi, na Kifaransa cha mama ni cha kusalimia na cha misa.

"Muzuri sana, mama."

Nikazipeleka mwenyewe Katindo na kumkabidhi mkwe kwa mikono miwili. Njiani nilikuwa natembea kwa maringo. Nilimhurumia hata yule kijana wa friji, jinsi atakavyoshindwa vibaya.

Jumatano asubuhi muzee alikuja depo. Hakuja peke yake. Alikuja na mkwe wake, na mama wawili wa kanisa lao waliovaa nguo za Jumapili, na gunia la kabichi, na kuku aliyefungwa miguu. Walisimama nje ya mlango wakaanza kuimba, polepole, wimbo wa kumpeleka mtu mbinguni. Mteja aliyekuwa ndani akavua kofia. Mama akatoka nyuma ya rafu akijifuta mikono, uso umembadilika.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hakuna aliyekufa. Wimbo ulipoisha muzee akaingia, akamshika mama mkono, akaushikilia.

"Mama," alisema, "tulisoma ile karatasi. Mukwe wangu anasoma, miye nalia. Miaka kumi na kenda tunafanya kazi pamoya, haukutuambiaka kama unateseka vile."

"Ninateseka?" mama akasema. Akanitazama.

"Usifiche, mama. Yote imeandikwa. Sasa sisi batu ya Mungu, namna gani tutaongezea mutu muzigo? Fromaji iko muzigo. Pumzika. Kesho kutwa, siku ya tano, nitapeleka neno kwa ule kijana. Yeye eko na nguvu. Karatasi yake tulihesabu nguvu kumi na ine, na kitisho kimoja tu."

"Kipi?" nikauliza. Hata sijui kwa nini niliuliza.

"Panya," mkwe akajibu kwa upole.

Kisha waliomba. Waliombea barabara, wakaombea ziwa lisichemke, wakataja vizuizi vyangu vyote kwa mpangilio ule ule nilioviandika, na mmoja wa wale mama wa kanisa alipofika kwenye magonjwa ya kwato sauti ikamkatika. Mama alisimama wima muda wote, na mwishoni akafanya ishara ya msalaba kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Wakaacha kabichi, wakaacha kuku, wakaenda wakitembea taratibu kama watu wanaotoka kuhani msiba.

Kosa langu nililiona papo hapo, na lilikuwa la kijinga hivi kwamba sikuwa na pa kujificha. Kwa miaka sita niliandika nikijua kwamba mwenye shida nyingi ndiye anayepewa. Sikujiuliza hata mara moja kwamba muzee hakuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Alikuwa anatafuta mahali salama pa kuweka fromaji zake. Na mtu anayetafuta mahali salama, ukimlilia kurasa mbili na nusu, atakuombea, atakuletea kabichi, na mali ataipeleka kwa jirani. Nilikuwa nimemwandikia mama mradi mzuri kuliko yote ya maisha yangu, na ulikuwa umefaulu.

Mama alifunga mlango wa depo. Ilikuwa saa tano mchana, na sijawahi kumwona akiufunga saa hiyo.

"Soma," akasema. "Kwa Kiswahili. Na usiruke kintu."

Nilikuwa na nakala kwenye kompyuta. Nikasoma. Vitisho alivisikiliza kama mtu anavyosikiliza taarifa ya habari, akitingisha kichwa hapa na pale, na mara moja alinisahihisha jina la kizuizi. Nikafika kwenye udhaifu, na nikajaribu kusoma haraka.

"Polepole," akasema.

Nikasoma polepole. "Mmiliki ni mtu wa umri mkubwa. Kiwango cha elimu: darasa la sita la msingi. Hana mfumo wowote wa usimamizi. Hutegemea kumbukumbu. Hutoa matabishi bila utaratibu. Hapokei mabadiliko kwa urahisi."

Mama akaacha kutingisha kichwa.

"Hii mutu, ni miye?"

"Mama, ni lugha ya ofisi tu."

"Nakuuliza kama ni miye."

"Ni weye."

"Sawa. Na kwa nguvu, ulinitia wapi?"

Nilijua jibu, lakini nilijifanya naangalia. Nilishuka na kupanda kwenye boksi hilo la mistari mitatu kana kwamba kungekuwa na wa nne uliojificha. Mama akasubiri. Mwishowe akahesabu mwenyewe kwa vidole.

"Barabara iko. Fromaji iko. Muzee eko." Akakunja vidole. "Miye siko."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea, maana kujitetea najua, nimesomea. Alifungua mlango tena, akashika kitambaa chake, akaanza kugeuza fromaji ambazo alikuwa ameshazigeuza asubuhi. Mimi nilikaa pale meza ya kukatia, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nguo zangu za shule, kitabu changu cha kwanza cha menejimenti, kompyuta ile ya kwanza niliyoibiwa na ya pili iliyokuwa mbele yangu, vyote vilitoka kwa huyo mtu wa boksi la udhaifu. Na sikumwacha nje ya nguvu kwa ubaya. Nilimsahau. Nilimwona kama ukuta wa depo, kitu ambacho kiko tu.

Kesho yake, Alhamisi, siku moja kabla ya ile siku ya tano ya muzee, yaani Ijumaa, mama alivaa kitenge chake cha sikukuu na kuniambia twende Katindo. Nikauliza kama niandike karatasi nyingine. Akasema hapana, karatasi zangu zinatosha. Yule kuku tulikuwa tumeshamla. Mama hakuwa na ugomvi na kuku.

Muzee alitupokea sebuleni kwa sauti ya chini, kama tunavyopokewa sisi wenye matatizo. Akaagiza maziwa. Mama akayanywa yote, akaweka kikombe chini.

"Muzee, ile karatasi ni mutoto aliiandika, alizoea kuandikia batu ya Ulaya," akasema. "Nilikuya kuisema na kinywa changu. Mukwe wako aniulize, nitajibu."

Mkwe alifurahi, nadhani, kuliko mtu yeyote chumbani. Akaleta karatasi safi, akachora msalaba, akasafisha miwani. "Tuanze na menaces, mama," akasema. Kwa mazoea tu.

"Papa," mama akamwambia, "na weye unaishi Goma, ao unaishi Ulaya?"

Mkwe akasema anaishi Goma.

"Sasa ile volkano, iko yangu peke yangu? Ile barabara, inaharibikaka wakati fromaji yangu tu inapita? Ule kijana, eko na benki yenye haiyafungwa? Kama unataka kuandika, andika kwangu na uandike kwake. Panya nitamwachia."

Muzee alikohoa, na kikohozi hicho kilikuwa na kicheko ndani yake. Mkwe akaliangalia boksi la vitisho kwa muda, halafu akalipiga mstari kutoka pembe moja hadi nyingine. Mimi niliyelipwa miaka sita kwa boksi hilo nilitazama kalamu ikipita, na nikaona kwamba mama ana haki. Kitu kinachowapata wote wawili sawasawa hakiwezi kukusaidia kuchagua kati yao. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza, na nililifaulu.

"Faiblesses?" mkwe akauliza, sasa kwa uangalifu.

"Ni zile mutoto aliandika. Niko muzee, masomo yangu ilikomea kwa ya sita, bintu naviweka kwa kichwa. Ni kweli yote. Acha vile."

Nilitamani sakafu ifunguke. Angezikana, ningepumua.

"Na forces?"

Mama akageukia muzee, akamwacha mkwe na kalamu yake.

"Muzee, unakumbuka ile wiki ya mabomu, batu yote banafungiwa ndani ya nyumba? Gari yako ilikuwa imeniletea fromaji makumi ine, siku mbili mbele ya mabomu. Umeme ikakatika. Nilibaki ndani ya depo nazo. Asubuhi nageuza, mangaribi nageuza, napangusa na maji ya chumvi. Maji ikakwisha, nikapangusa na ile yangu ya kunywa. Mulango ya nyuma nafungua kidogo, namukatia mwenye njaa, nafunga. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulipoteza ngapi kwangu?"

"Hata moja," muzee akasema.

"Na kwa frigo?"

Muzee akaangalia chini. Mkwe ndiye aliyejibu, kwa sababu ni mtu mkweli. "Zilivimba zote, mama. Tulizitupa."

"Basi niambie, papa. Ile wiki, inaingia kwa boksi gani?"

Wiki hiyo mimi nilikuwa nyumbani, chini ya kitanda, na nakumbuka vizuri hasira niliyokuwa nayo. Niliwaza kwamba mama amechagua fromaji akaniacha mimi, na aliporudi nilimwambia hivyo usoni. Kisha nikakaa kuandika uchambuzi wa biashara yake, nikaiandika wiki yenyewe kwa ufundi mkubwa chini ya neno "vita", na yeye sikumweka ndani yake. Nilimsikia pale sebuleni akiyasema bila kupandisha sauti.

Mkwe aliandika kwenye nguvu, akaandika sana, akaomba asubiriwe, akaandika tena. Alimuuliza juu ya matabishi na mama akamweleza nani anapewa na kwa nini, mtu kwa mtu, mpaka tukafika kwenye lile goti, na mkwe akaliandika. Muzee alikuwa amekunja mikono juu ya fimbo yake, akitazama ile karatasi ikijaa upande mmoja.

"Mama," alisema mwishowe, "naona. Lakini ile karatasi ya kwanza ilisema uko muzee, na weye hukukatala. Miye pia niko muzee. Nikiweka fromaji yangu yote kwako, siku mikono yako itakataa, nani atageuza?"

Lilikuwa swali la haki, na sikuona jibu lake popote. Nilijua ndilo lingemmaliza. Kijana wa friji ana miaka ishirini na saba.

"Huyu," mama akasema.

Niligeuka kuangalia ni nani aliyekuwa nyuma yangu. Kulikuwa na ukuta.

"Anajua?" muzee akauliza.

"Hajui kintu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini eko na mikono miwili na kazi hana. Nitamufundisha."

Mkwe alikuwa ameinua kalamu. Aliliangalia boksi la nguvu, akaliangalia la udhaifu, akarudi kwenye la nguvu. Nikamwona anataabika kweli.

"Hii niiandike wapi, mama?" akauliza. "Kwa forces, ao kwa faiblesses?"

Mama akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu tuingie nyumba ile, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, bila haraka.

"Kwa sasa," akasema, "andika kwa faiblesses."

Mkwe akaandika. Muzee akasema gari litafika kwa mama, Katoyi, kesho asubuhi, na kwamba yule atakayepokea anawe mikono vizuri.